Ofa tatu za kiangazi: mwanafunzi wa primedi Marekani apime nini?

Kila ikifika Februari na Machi, simu yangu huanza kupokea ujumbe wa sauti wa aina moja. Wa mwaka huu ulikuwa wa dakika nne, kutoka kwa mama mmoja anayeishi Texas. Binti yake yuko mwaka wa pili chuoni, "anasomea udaktari", na amepata nafasi tatu za kufanya utafiti wakati wa likizo ndefu. Ya kwanza inalipa na inampa chumba, lakini iko jimbo jingine na kazi yenyewe, kwa maneno ya mama, "ni kuchunguza pombe". Ya pili ni hospitali ambayo hata bibi yake aliyeko Moshi analijua jina lake, ila hawatoi hata senti. Ya tatu ni kwa mwalimu wake wa biolojia, palepale chuoni.

"Sasa dada, si aende tu hospitali kubwa? Mbona anasitasita?"

Binti alikuwa na sababu ya kusitasita. Ila kumweleza mama ilibidi nianzie mbali kidogo, kwa sababu nusu ya mkanganyiko inatokana na lile neno "anasomea udaktari".

Yuko Mbezi au Chalinze?

Kwetu Tanzania kijana akimaliza kidato cha sita na alama nzuri za Fizikia, Kemia na Biolojia, anaingia moja kwa moja kusomea tiba, Muhimbili au Bugando au kwingineko. Miaka mitano ya masomo, mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo hospitalini, basi ni daktari. Kenya na Uganda nako mlango ni huohuo: unatoka sekondari, unaingia tiba.

Marekani wameweka ukumbi mrefu kabla ya mlango. Kwanza shahada ya kwanza ya miaka minne, ya somo lolote. Kisha ndipo unaomba chuo cha tiba, miaka mingine minne. Halafu mafunzo ya ubingwa, miaka mitatu hadi saba kutegemea fani. Primedi ni yule aliyeko katika ile minne ya kwanza, anayechukua kemia, biolojia, fizikia na mengine yanayotakiwa huku akijiandaa kuomba. Hakuna shahada ya primedi wala cheti chake. Anayesoma historia anaweza kuwa primedi sawa na anayesoma biolojia. Ni kama mtu akikupigia simu akakwambia yuko njiani kuja Tanga: huenda keshapita Chalinze, huenda bado yuko stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, anatafuta basi.

Kwa kuwa bado hajaingia, kila likizo inageuka sehemu ya maombi yake. Vyuo vingi vya tiba hutumia fomu ya pamoja iitwayo AMCAS, na fomu hiyo humpa mwombaji nafasi 15 za kueleza aliyoyafanya nje ya darasa: kujitolea, kazi, michezo, utafiti. Kila nafasi ina herufi 700 tu, hata aya mbili nzuri hazijai. Matatu anayoyaona ya maana zaidi huongezewa herufi 1,325. Shika hiyo namba 700, nitairudia.

Na kiangazi chenyewe ni Juni hadi Agosti, wakati kwetu pwani ni kipupwe, kusi inavuma na watu wanajitanda kanga mbili asubuhi. Kwa mwanafunzi wa Marekani ndiyo likizo pekee ndefu ya mwaka. Programu nyingi za utafiti huchukua wiki nane hadi kumi, maombi yake hufungwa tangu Januari au Februari, na majibu huja kabla ya Aprili kwisha. Ndiyo maana ujumbe wa sauti huja msimu huo.

Utafiti si koti jeupe peke yake

Likitajwa neno utafiti, wengi huona mtu mwenye koti jeupe ameinamia chupa. Acha nitumie kisa cha huku kwetu.

Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa kumtazama mtoto mwenye uvimbe kwenye pembe zote nne za taya. Muda si mrefu akamwona mwingine Jinja mwenye hali ileile. Akaanza kupekua mafaili ya wagonjwa wa zamani, na mwaka 1958 akachapisha maelezo yake ya kwanza ya ugonjwa huo, saratani inayoitwa leo limfoma ya Burkitt. Kisha akatuma vipeperushi vyenye picha kwa hospitali za sehemu mbalimbali za Afrika akiuliza: na ninyi mmeuona? Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakasafiri wiki kumi, maili kama 10,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa bara, wakipita hospitali 57. Walipochora ramani, ugonjwa ulionekana kufuata joto na mvua, karibu kama malaria inavyofanya. Wakati huohuo London, Anthony Epstein, ambaye alikuwa amemsikia Burkitt akihutubia mwaka huo wa 1961, akawa anapokea vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza virusi walivyoviona kwa hadubini ya elektroni. Ndivyo vinavyoitwa leo Epstein-Barr.

Humo mna tafiti za aina nne. Kupekua mafaili ni utafiti wa hospitalini. Kuzunguka na gari kuuliza nani anaugua na wapi ni utafiti wa jamii. Kuweka majibu kwenye ramani na kutafuta mpangilio ni kazi ambayo leo hufanywa kwa kompyuta, na maabara nyingine hazina hata sinki, zina viti na skrini tu. Kuotesha seli na kuzitazama kwa hadubini ndiyo kazi ya mezani, ile ya koti. Mwanafunzi anapoambiwa "njoo ufanye utafiti kwetu", swali la kwanza ni: upi kati ya hiyo?

Maana siku ya mwanafunzi hutofautiana sana. Mezani, wiki mbili tatu za kwanza ni kujifunza kushika pipeti, kuchanganya dawa na kuharibu. Majaribio hufeli, tena mara nyingi, na mtu asiyeweza kurudia jambo lilelile kwa subira atateseka. Kwenye kompyuta ataandika programu fupifupi na kukwama nusu siku kwa sababu ya koma moja. Katika utafiti wa jamii atapiga simu na kubisha hodi milango ya watu, na hapo mtoto anayezungumza Kiswahili au Kinyarwanda nyumbani ana mtaji ambao hata chuo chenye fedha hakiwezi kuununua, hasa katika miji yenye wakimbizi wengi kutoka Kongo. Mafaili ya hospitali tutayaona hivi karibuni.

Habari ya pombe

Mama yule ni mzee wa kanisa, kwa hiyo pombe ilibidi niishughulikie mapema.

Maabara ile inachunguza hamira. Si hamira ya maandazi, ni ndugu yake wa mbali. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner aliitenga kutoka kwenye pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki, ikapewa jina la kisayansi Schizosaccharomyces pombe. Ndiyo, pombe hiihii. Neno letu la Kiswahili limekaa katika vitabu vya biolojia dunia nzima, na sijui kwa nini hatulitambii zaidi.

Hamira hii hujigawa kwa kukatika katikati, kama mtu anavyokata pingili ya muwa. Kwa sababu hiyo ni rahisi kuona ni wakati gani imeamua kujigawa. Paul Nurse aliitumia kutafuta ni nini kinachoiambia seli "sasa gawanyika", Leland Hartwell akafanya kazi kama hiyo kwa hamira ya mikate, na wao pamoja na Tim Hunt walipata Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2001. Saratani ni seli zinazojigawa bila breki, na sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu breki hizo kilitoka kwenye hamira.

Nimelirefusha hili kwa sababu wazazi wengi huamini kwamba utafiti usiokuwa na mgonjwa ndani yake haumsaidii mtoto. Vyuo vya tiba havidai utafiti uwe wa maradhi. Wanataka kuona kama kijana amewahi kukaa na swali lisilo na jibu, akajua ushahidi unakusanywaje na kwa nini unaweza kudanganya. Hayo yanapatikana kwenye hamira, kwenye panya, hata kwenye nyaraka za kale.

Jina kubwa, kazi ipi?

Turudi kwenye hospitali. Jina linang'aa, na sisi tunalipenda jina. Nami nikisikia mtoto wa mtu yuko pale huwa nashangilia kwanza, maswali baadaye. Lakini uliza atakuwa anafanya nini tarehe mosi Juni.

Anayegusa taarifa za wagonjwa lazima aingizwe katika kibali cha bodi ya maadili ya utafiti. Bodi hizo zilipata nguvu ya sheria mwaka 1974, miaka miwili baada ya kufichuka kwa habari za Tuskegee, Alabama, ambako tangu 1932 wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba, hata baada ya penisilini kupatikana, ili watafiti watazame ugonjwa unavyokwenda. Kwa hiyo sizioni kama usumbufu. Ila kuingizwa kunaweza kuchukua wiki kadhaa, na likizo yote ni wiki kumi. Kama mradi haujapata kibali kufikia Mei, mwanafunzi anaweza kukaa hadi Julai akisoma makala na kupiga miayo.

Kisha kuna mlolongo wa kuingia hospitali: mafunzo ya maadili, rekodi za chanjo, uchunguzi wa polisi, kipimo cha kifua kikuu. Hapo kwenye kifua kikuu watoto wetu hukwama mara nyingi. Aliyechanjwa BCG utotoni anaweza kuvimba kwenye kipimo cha ngozi ingawa haumwi chochote, akaanza kutumwa kupiga picha za kifua huku siku zikienda. Aombe mapema kipimo cha damu, kwa kuwa BCG haikivurugi.

Akishaingia, kazi ya kawaida ya mwanafunzi ni kufungua faili moja baada ya jingine na kuhamishia umri, uzito, dawa na matokeo kwenye jedwali. Siidharau kazi hii. Burkitt alianza hivyohivyo. Tena utafiti wa mafaili unaweza kumalizika haraka kuliko wa mezani, na jina la mwanafunzi likatokea kwenye makala siku moja. Tatizo ni pale mzazi anapodhani kwamba mtoto atakuwa wodini na wagonjwa. Mara nyingi atakuwa kwenye chumba kisicho na dirisha, yeye na jedwali lake. Kumfuata daktari akiwa kazini ni kitu kingine, na kuhudumia wagonjwa ni kingine tena, na katika ile fomu ya AMCAS vyote vitatu huandikwa mahali tofauti.

Halafu kuna swali ambalo kwangu ndilo zito kuliko jina: nani atakaa naye? Mkuu wa maabara maarufu husafiri, huandika maombi ya fedha, ana watu thelathini chini yake. Anayemfundisha mwanafunzi kwa kweli ni mtu wa kati: mwanafunzi wa uzamivu, au mtafiti aliyemaliza uzamivu anayetafuta ajira ya kudumu. Huyo akiwa mkarimu, kiangazi kinakwenda vizuri hata kama chuo hakijulikani. Akiwa hana muda, jina la jengo halitasaidia. Na barua ya mapendekezo itakayoombwa baadaye ni hivyohivyo. Barua ya mtu mashuhuri inayosema "alifika kwa wakati" ni dhaifu kuliko ya mwalimu asiyejulikana anayeweza kusimulia siku kijana alipogundua kosa kwenye hesabu za wakubwa zake.

Hesabu ambayo haisemwi

Wanafunzi wetu huona aibu kutaja fedha mbele ya mambo ya elimu. Basi niitaje mimi, kwa namba za mfano.

Programu ya wiki kumi inatoa posho ya dola 6,000 pamoja na chumba. Kwa saa 400, hiyo ni dola 15 kwa saa, na pango hulipi. Hospitali haitoi kitu, na binti atapanga chumba cha dola 1,000 kwa mwezi kwa miezi miwili na nusu. Weka nauli na chakula, amekwenda hasi dola 3,500 kabla hajafungua faili la kwanza. Sasa ongeza alichokiacha. Binti huyu, kama watoto wengi wa familia zetu kule, ana cheti cha msaidizi wa wauguzi na hufanya zamu katika nyumba ya wazee. Kwa dola 17 kwa saa, saa 400 zingemletea dola 6,800. Kati ya kubaki nyumbani akifanya kazi na kwenda hospitali ile kuna pengo la kama dola 10,000. Kwa mtoto wa daktari hiyo ni likizo. Kwa mtoto wa dereva wa lori ni mkopo.

Nitoke kidogo kwenye utafiti. Ile kazi ya kuogesha wazee, kuwageuza kitandani, kuwalisha, ambayo wazazi huificha wakiongea na ndugu nyumbani, inahesabiwa kwenye maombi ya udaktari. Inahesabiwa vizuri. Mwanafunzi anayeamua kupitisha kiangazi kizima akifanya zamu kwa sababu nyumbani kuna kodi ya kulipwa hajapoteza kiangazi. Aiandike bila haya.

Jambo jingine la fedha: posho za programu hizi mara nyingi hutolewa nzima bila kukatwa kodi. Kijana huila yote, kisha Aprili ya mwaka unaofuata anashangaa kwamba anadaiwa. Aweke akiba kidogo tangu mwanzo.

Na kabla ya fedha, karatasi. Programu kubwa ya serikali ya Marekani iitwayo REU, inayogharamiwa na NSF, shirika la serikali la sayansi, tangu 1987, hupokea raia na wenye ukaazi wa kudumu tu. Ya taasisi ya afya ya NIH nayo ni hivyohivyo. Aliyekuja na viza ya mwanafunzi ya F-1 atafute programu zinazogharamiwa na fedha za chuo chenyewe, na kabla ya kukubali kazi yoyote nje ya chuo chake, hata isiyolipa, aulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Familia zilizopokelewa kama wakimbizi, wakiwamo Wakongo wengi waliopitia kambi ya Nyarugusu, hutakiwa kisheria kuomba ukaazi wa kudumu baada ya kutimiza mwaka mmoja nchini. Wapo wanaoliahirisha hilo, kisha mtoto anafika chuoni na kugundua kuwa nusu ya fomu zimemfungia mlango kwa kukosa kadi moja.

Fedha za serikali zina upepo wake pia. Kiangazi cha 2025 NIH ilifuta mpango wake wa kiangazi kwa wanafunzi, na waliokuwa wamepanga kwenda huko wakabaki kutafuta upya. Kuomba sehemu moja tu, hata nzuri namna gani, ni kucheza bahati nasibu.

Mwalimu wa palepale

Ofa ya tatu ndiyo mama aliyoitaja kwa sekunde tano tu kati ya dakika nne. Mwalimu wa biolojia, maabara ndogo, hakuna jina, posho bado haijulikani.

Mimi ningeitazama mara mbili. Kiangazi kikiisha, maabara ya jimbo jingine hubaki huko. Wiki kumi kwenye utafiti ni fupi: unajifunza vyombo, unaanza kuelewa swali, kisha unafunga begi. Ya mwalimu iko ng'ambo ya bweni. Binti anaweza kuendelea Septemba, saa sita kwa wiki, akafika mwaka wa nne akiwa na kazi ya miaka miwili mkononi na mwalimu anayemjua akiwa amechoka, akiwa amekosea, akiwa amepatia. Vyuo vingi vina vifungu vidogo vya fedha kwa mwanafunzi anayebaki kiangazi kufanya utafiti na mwalimu, lakini lazima uombe, na mara nyingi mwalimu mwenyewe hakumbuki mpaka aulizwe.

Hapa ndipo lile suala la kuchapisha makala huingia. Wapo wanaoambiana vyuoni kwamba kiangazi bila makala ni kazi bure. Makala ya kisayansi huchukua miezi mingi, wakati mwingine miaka, toka jaribio la kwanza hadi kuchapishwa. Hata zile wiki kumi za Burkitt barabarani zilikuwa na miaka minne ya kazi nyuma yake. Mwanafunzi wa kiangazi mara nyingi hutoka na bango lenye michoro, analisimamia siku ya mwisho na kuwaeleza wapitao. Linatosha kabisa. Anayetaka zaidi ya hapo anahitaji muda, na muda unapatikana mahali anapoweza kurudi.

Na je, bila utafiti hakuna udaktari? Utafiti si sharti la maandishi katika vyuo vingi vya tiba. Waombaji wengi wanao, na vyuo vinavyojivunia utafiti huutafuta kwa macho makali. Lakini vipo vyuo ambavyo kazi yake kubwa ni kutoa madaktari wa vijijini na wa jamii, na huko huduma kwa watu huwa na uzito zaidi. Anayelenga shahada mbili kwa pamoja, ya udaktari na ya uzamivu, njia ya kama miaka minane, huyo utafiti ndio mwili wa maombi yake, na kiangazi kimoja hakitoshi. Sasa mtu anayewauzia wazazi "nafasi ya utafiti ya uhakika" kwa maelfu ya dola, huyo mkimbieni. Programu za kweli hukulipa wewe, au angalau hazikudai chochote.

Kuhusu MCAT, mtihani wa kuingilia chuo cha tiba, ule wa saa saba na nusu ukihesabu mapumziko, wenye alama kuanzia 472 hadi 528, niseme kwa kifupi: binti wa mwaka wa pili bado ana nafasi, lakini anayemaliza mwaka wa tatu na kutaka kuomba mwaka huohuo asijifungie maabara saa 40 kwa wiki bila kuhesabu vizuri. Fomu huanza kupokelewa mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, na Julai vyuo humrushia insha za ziada moja baada ya nyingine.

Alivyoamua

Nilimpa binti kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuwaandikia wanafunzi waliokuwa sehemu zile mwaka uliopita. Barua pepe fupi, nilimwambia, usianze na salamu za aya nzima kama tunavyofundishwa. Wamarekani wataishia katikati. Jitambulishe, uliza mambo matatu: nani alikuwa anakufundisha kila siku, ulikuwa na swali lako mwenyewe au ulisaidia la mtu, na ungerudi? La tatu ndilo linalotoa ukweli.

Aliyekuwa hospitali alijibu kwa heshima kwamba alimwona mkuu mara mbili, siku ya kufika na siku ya kuaga. Wa maabara ya hamira aliandika ukurasa mzima, pamoja na jina la mwanafunzi wa uzamivu anayeleta keki kila Ijumaa. Mwalimu wa biolojia alisema hana fedha kiangazi hiki, ila Septemba meza ipo.

Kazi ya pili ilikuwa zile herufi 700. Jifanye ni Agosti, nilimwambia, andika kile unachofikiri utakuwa umekifanya. Ya hospitali iliishia mstari wa tatu: jina la hospitali, idadi ya mafaili, jedwali. Ya hamira alijaza na kuzidisha: kuna aina ya hamira inayokua vizuri kwenye nyuzijoto 25 lakini ikipandishwa hadi 36 inaacha kujigawa na kubaki ikirefuka tu, naye anataka kujua ni gani kati ya protini zake inayolegea kwa joto.

Programu ya hamira ilimpa siku saba za kujibu. Aliomba nne zaidi akapewa, kwa kuwa aliomba kabla muda haujaisha na akaeleza sababu. Alipokubali, siku hiyohiyo aliwaandikia hospitali kuwashukuru na kuachia nafasi, maana kuna mwingine anaisubiri na kushikilia mbili ni kumziba. Kwa mwalimu akaomba ile meza ya Septemba. Ningekuwa mimi ningembana mwalimu kwanza atafute vifungu vya fedha, lakini si mimi ninayekwenda.

Jumapili iliyofuata ujumbe wa sauti ukaja tena, safari hii sekunde ishirini.

"Dada, asante. Sasa kanisani wakiniuliza mtoto anachunguza nini, niseme nini?"

Nikamwambia aseme seli. Pombe tutaitaja siku ya mahafali.